Nusu ya Chini ya Betri

Wenye boti pale bwawani walimwita Mzee Nusu, naye aliitika bila kinyongo, maana jina alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila aliyenunua boti ya starehe akaijaza taa, redio, friji ndogo na pampu ya maji, siku moja alimjia na betri iliyokufa, ameikumbatia kifuani kwa uso wa mtu aliyekanyaga paka wa jirani. Mzee Nusu aliiweka mezani, akafungua vifuniko, akachungulia ndani, kisha akatoa mahubiri yaleyale ya miaka thelathini na minne.

"Nusu ya juu ni yako. Nusu ya chini ni ya betri. Ukila na ile ya chini, umeila betri yenyewe."

Wengine walicheka. Wengine walirudi baada ya miezi sita na betri nyingine.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya yadi ya boti, chenye dirisha upande wa maji na mlango usiofungwa mchana kutwa, kwa sababu betri ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Mezani palikuwa na kipima asidi cha kioo chenye mpira wa kuvutia juu, chupa za maji ya betri, kopo la grisi, na bakuli la magadi soda ya kufutia ule ukungu wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri. Suruali zake zote zilikuwa na matundu madogomadogo mapajani, kazi ya asidi, na mkewe alikuwa ameacha kuyatia viraka tangu binti yao alipoanza shule.

"Mume wangu ni chujio," alikuwa akiwaambia majirani. "Mmwagie chai, itatokea huku bila majani."

Kanuni ile ya nusu ilikuwa imetoka karakana polepole ikamfuata nyumbani. Akila mkate, alibakiza kipande. Akipewa likizo ya siku ishirini, alichukua kumi. Hata hadithi aliisimulia akaikatia njiani, akasema nusu nyingine kesho, akaenda kulala. Mkewe akimlalamikia, alijibu kwamba akiba haiozi.

"Akiba haiozi," mkewe alikubali. "Anayeoza ni mwenye akiba."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mito ya viti vya karibu boti zote pale bwawani ilipita mikononi mwake. Mumewe alimletea vipimo vilivyoandikwa kwenye kikaratasi, yeye akakata sponji, akashona kitambaa kizito kisichopitisha maji, akatia zipu, na mito ikaondoka kwenda kukaliwa na watu asiowajua. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda boti hata moja. Kwanza alikuwa na mtoto mchanga, kisha kazi zikawa nyingi, kisha zikawa likizo zile za nusu. Halafu yakaja mapafu.

Mapafu yalianza na kikohozi cha mtu aliyepaliwa, yakaishia kwenye mashine. Ilikuwa mashine ndogo ya kubebeka, inayovuta hewa ya chumbani na kumpa oksijeni kwa mrija mwembamba uliozungushwa nyuma ya masikio. Mzee Nusu alimfungia betri chini ya kitanda kwa ajili ya siku za umeme kukatika, na tangu hapo mkewe hakukosa pumzi hata kwa dakika moja. Hilo hakulisema kwa mtu, lakini moyoni alijivunia kuliko kazi zake zote.

Asubuhi moja, alipokuwa akimfunga vifungo vya gauni mgongoni, mkewe alimwambia, "Baba watoto, nina neno."

"Lilete."

"Nataka kukalia mto wangu."

Mzee Nusu alitazama kiti cha pembeni. "Huo hapo. Nikusogezee?"

"Wa botini, mume wangu. Majini, boti ikienda. Nimewashonea watu pa kukalia miaka yote hii, na sijui hata mara moja mtu akikaa anajisikiaje."

Alicheka, akakohoa, akasubiri pumzi imrudie. Kisha akasema taratibu, "Kabla hali hii haijanizidi." Hakulirudia, na mumewe hakumwomba alirudie.

Boti iliyofaa ilikuwa ya Daktari wa Meno, mstaafu mnene mwenye moyo mweupe, ambaye kwa hesabu ya Mzee Nusu alikuwa ameua betri nyingi kuliko meno aliyong'oa. Dhambi yake kubwa ilikuwa kuacha friji ikiwaka wiki nzima kwa ajili ya soda mbili. Alipoelezwa shida, alijishika kichwa.

"Mzee Nusu, hili nalo ni la kuniomba? Chukua boti. Nichukue na mimi niwe dereva."

"Boti yako nimeikubali, Dakta. Betri zako siziamini."

"Hata mimi siziamini. Nakuamini wewe."

Maneno hayo yalimkaa Mzee Nusu kifuani kama mwiba wa samaki. Tangu aanze kazi, betri yake ikigoma, soda ilipata joto na mwenye soda akanuna, basi. Safari hii, cha kuzimika kisingekuwa friji.

Boti ile ilikuwa na betri moja tu, ya kuwashia injini, na yote mengine yaliining'inia hiyohiyo. Mkewe alipouliza kwa nini isitoshe, alimweleza akiwa amepiga magoti sakafuni, akimvisha viatu. "Ya kuwashia ni mkimbiaji wa mbio fupi. Inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, inapumzika. Sisi tunataka mchukuzi, wa mzigo mdogo na mwendo mrefu."

"Kama mimi na dada yangu," mkewe alisema. "Yeye wa kelele, mimi wa kazi."

Mashine ilikula ampea kumi kila saa. Safari ya saa tatu ingekula thelathini. Betri moja ya ampea mia ingeibeba, na nusu yake ya chini isiguswe kabisa. Akachukua mbili. Karakanani palikuwa na moja nzuri ya mwaka uliopita, na fundi mwingine angeiunga na mpya akaenda zake kunywa chai. Kipya kinyemi, lakini si kwenye betri. Betri kuukuu huinyonya mpya mpaka zote mbili zilingane kwa uzee. Alitafuta mapacha: aina moja, ukubwa mmoja, tarehe moja ya kiwandani iliyogongwa ubavuni. Akazifunga kwa mikanda ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa, chini ya kiti cha nyuma. Akaweka fyuzi hatua moja kutoka kwenye betri, akavuta waya mnene hadi kiti cha kati, akazitenga kabisa na injini, ili injini ichaji ile ya kuwashia tu na ubaya wa huku usihamie kule.

Kisha akazipima. Alizichaji mpaka zikajaa, akaziacha zilale, kwa kuwa betri iliyotoka kwenye chaja husema uongo kama mtu aliyetoka kusifiwa. Kulipokucha mita ikasoma volti kumi na mbili nukta saba, yaani zimejaa. Aliwasha taa na friji za kutosha kula ampea kumi, akakaa kwenye kiti cha mbao gatini, daftari pajani, akiandika kila nusu saa mpaka mita iliposhuka hadi kumi na mbili nukta mbili, yaani nusu. Zilikwenda saa tisa na zaidi.

Alimpigia binti yao, aliyekuwa muuguzi katika mji mwingine. Binti alisikiliza mahesabu yote bila kumkatiza.

"Baba, hapo safi. Mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba uwemo. Mrudi kabla jua halijawa kali. Mpeleke."

"Nitampeleka, mwanangu. Nizipime mara moja tu tena."

Mara moja ikazaa ya pili. Ya pili alisema siku ile kulikuwa na mawingu. Ya tatu, aliona waya mmoja umepata joto kidogo, akaubadilisha, basi ilibidi aanze upya. Ya nne, je, ikiwa mashine itaongezwa nguvu njiani? Ya tano ilikuwa ya kuthibitisha ya nne. Wiki zikafika nane, na daftari likajaa safu za tarakimu alizoziandika kwa mwandiko mzuri.

Kuna jambo hakuliandika. Siku ya kipimo cha kwanza mkewe alimsindikiza hadi getini, mashine begani, akampungia mkono. Siku ya tatu alimsindikiza hadi mlango wa mbele. Siku ya sita alimuaga akiwa kitandani. Mzee Nusu aliviona vyote hivyo. Akavipita, kama mtu anavyopita mlango wa anayemdai.

Jioni ya kipimo cha sita alirudi amechangamka.

"Leo zimetoa ngapi?" mkewe aliuliza.

"Saa tisa na dakika arobaini! Mara iliyopita ilikuwa tisa na nusu."

"Zinapata nguvu?"

"Hapana, ni joto la leo tu."

Mkewe alirekebisha mrija nyuma ya sikio. Mashine ikapumua kwa niaba ya wote wawili. "Na mimi umenipima?"

Mzee Nusu alifungua daftari, akalifunga.

"Betri zako ukizimaliza, unazirudisha kwenye chaja. Mimi unanirudisha wapi?"

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anayeuliza ufunguo uko wapi. Mzee Nusu alibaki amesimama na daftari mkononi, mtu mzima na mvi zake, hajui aliweke wapi. Mkewe akachukua simu, akampigia Daktari wa Meno mbele yake, akapanga naye Jumamosi, saa mbili asubuhi.

"Sawa," Mzee Nusu alisema baadaye. "Jumamosi. Ila Ijumaa nizipime kidogo."

Mkewe aligeukia ukutani. "Pima, chujio langu. Pima."

Ijumaa alizipima tangu kulipopambazuka mpaka jua lilipolegea. Saa tisa na dakika arobaini na tano. Alibana vibanio vya chaja kwenye vichwa vya betri, chekundu kwa chekundu na cheusi kwa cheusi, akakaa kukokotoa wastani wa siku zote saba. Ulipotoka vizuri alipiga mstari chini yake kwa rula. Akafunga daftari, akafunga boti, akaenda nyumbani huku anapiga mluzi.

Jumamosi mkewe alivaa gauni la bluu na kufunga kitambaa kichwani. Kutoka kwenye gari hadi boti palikuwa na mbao za gati zisizozidi arobaini. Alizivuka kwa vituo vitano, mkono mmoja kwa mumewe, mwingine kwa Daktari wa Meno, ambaye kila kituo alisifia mandhari ili ionekane yeye ndiye aliyechoka.

"Mama, hebu tusimame tena. Mwili huu si wa kukimbizwa."

"Tusimame, Dakta, usije ukatufia."

Wakamshusha botini kama watu wanaoshusha kioo. Alikaa kiti cha kati. Akatandaza viganja viwili juu ya mto, akauminya ukingoni kwa kidole gumba, alivyozoea kukagua mshono.

Mzee Nusu akafungua sanduku la nyuma na kuweka mita. Kumi na mbili nukta mbili. Akafuta vichwa kwa kitambaa, akaweka tena. Nukta mbili. Alifuata waya wa chaja kwa macho, kutoka betri hadi ukingo wa boti, hadi gatini, hadi kwenye soketi. Swichi ya soketi ilikuwa juu, imezimwa. Hakuiwasha. Kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kusahau, na jana, kwa utamu wa wastani wake, alisahau.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza bila kugeuka. Aliujua ukimya wa mumewe.

"Zimebaki nusu. Jana sikuwasha soketi."

Daktari wa Meno alicheka kwa sauti, akaona uso wa mwenzake, akakimeza kicheko kilichobaki.

"Tushuke," Mzee Nusu alisema. "Nitazichaji leo, zilale kesho, twende wiki ijayo."

Mkewe alitazama zile mbao arobaini alizotoka kuzivuka. "Hiyo nusu iliyobaki ina saa ngapi ndani yake?"

"Hiyo haihesabiwi."

"Ihesabu."

Alihesabu, midomo ikimchezacheza. "Saba. Labda nane."

"Mimi naomba tatu. Na mtungi huu hapa miguuni."

"Zitaumia, mke wangu."

"Nani ataumia?"

"Betri."

Neno lilimtoka, na akalisikia likitua kati yao. Daktari wa Meno aligundua kwamba kofia yake inahitaji kukunjwa. Mzee Nusu alitazama betri zake mbili ndani ya sanduku la nyuma, safi, zimefungwa mikanda, maji yamefika shingoni, grisi imepakwa. Hakuna betri katika bwawa lile zilizotunzwa kuliko hizi. Wiki nane alidhani anamlinda mkewe. Ile kanuni haikuwahi kumlinda mtu yeyote. Ilikuwa ya kulinda betri, na kwa betri ilikuwa kweli, na yeye aliikweza ikawa kweli ya kila kitu, kwa sababu aliogopa, na hofu iliyobeba mita huonekana kama utaalamu.

Alichomeka mashine kwenye waya wa kiti cha kati. Taa yake ya kijani ikawaka. Alisubiri dakika nzima, sikio karibu na mrija, kisha akabandua vibanio vya chaja.

"Basi ziumie," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

Daktari wa Meno aliwasha injini kabla neno halijapoa.

Bwawa lilikuwa tulivu. Walipita magugu ya ukingoni, wakapita maboya ya yadi, na upepo ukaanza kuwajia usoni, wa baridi, wenye harufu ya maji na mafuta. Mkewe alishika kitambaa cha kichwani, kisha akakiachia kifanye kitakavyo. Macho yake yalikwenda mbali, yakarudi, yakaenda tena. Boti ilipopiga kijiwimbi aliruka kidogo kitini, akashangaa, akacheka bila sauti. Ilipopiga cha pili, akakunja uso. Akajisogeza. Akapeleka mkono chini ya paja.

"Zipu hii nani aliiweka mbele?"

"Wewe," Mzee Nusu alisema.

"Mimi?"

"Miaka yote unaiweka mbele."

"Boti ikiruka inamkwaruza mtu!" Alimgeukia Daktari wa Meno. "Dakta, mto huu una miaka mingapi?"

"Tisa, mama."

"Na hukusema?"

"Nilidhani ni mapaja yangu."

Mkewe alicheka mpaka ikabidi ainame na kushika ukingo wa boti, na Mzee Nusu akaruka kwenda kumwekea mkono mgongoni, akahesabu pumzi zake moja moja mpaka zikatulia. Machozi yalimtoka mkewe, ya kicheko na ya kingine. "Boti zote za bwawa hili," alisema alipoweza. "Watu wamekwaruzwa miaka thelathini, wanarudi, wananiambia asante."

Saa moja baadaye Mzee Nusu alitazama mita. "Nukta moja," alitangaza.

"Sikukuuliza."

"Nakujulisha tu."

"Njoo ukae hapa unijulishe ule ni mlima gani."

Alikwenda akakaa kando yake, na zipu ikamkwaruza na yeye kupitia matundu ya suruali. Katikati ya bwawa Daktari wa Meno alizima injini, akajilaza mbele ya boti na kujifunika uso kwa kofia, mtu mwenye adabu. Boti ikaelea. Ilibaki sauti ya mashine tu, tik na pumzi, tik na pumzi, na Mzee Nusu, ambaye kwa wiki nane alikuwa amekesha macho kwenye mita, alimtazama mkewe. Shingo ilikuwa imekonda. Kucha zilikuwa na rangi nzuri, afadhali kuliko za jana. Nyuma ya sikio, mrija ulikuwa umechora mfereji mwekundu, na hapo angeweza kuweka kipande cha sponji, kama angeona mapema. Aliweka kidole chake katikati ya mrija na ngozi, akakiacha hapo.

"Ule mlima," mkewe alisema, "hujanijibu."

"Siujui."

"Miaka yote uko hapa?"

"Huwa natazama ndani ya masanduku."

Walikaa saa tatu na robo. Mita aliiangalia mara mbili tena, na hakutangaza. Walipofunga gatini mkewe alikuwa amechoka, kichwa kimeegemea bega la mumewe, lakini kabla hajakubali kuinuliwa alimwomba kalamu. Akachora alama upande wa nyuma wa mto, mstari mfupi na mshale, pa kuhamishia zipu. Kisha akamwonyesha mito mingine mitano.

"Yote. Tunaondoka nayo."

"Leo?"

"Leo. Daktari hatakwaruzwa tena mimi nikiwa hai."

Mzee Nusu aliwasha soketi, akaitazama mpaka taa ya chaja ikawaka, akabeba mito mitatu kila kwapa.

Jumapili alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, miwani puani, wembe mkononi, akifumua mishono. Vidole vilivyozoea spana vilikuwa vizito kwenye uzi. Mto wa kwanza ulimchukua asubuhi nzima. Mkewe alikuwa amelala chali, mashine ikitiktika, akimwelekeza kwa macho yaliyofumba nusu, na kila uzi ulipokatika aliusikia.

"Taratibu. Usikate kitambaa."

"Sikati."

"Umekata. Nimesikia."

Aliinua mto kwenye mwanga wa dirisha. Kweli, palikuwa na mkato mdogo, wa urefu wa ukucha.

"Lete hapa," mkewe alisema, akanyoosha mkono. "Na sindano. Ya jicho kubwa, hiyo nyingine huwezi kuitunga."